Mkataba wa Mogadishu na Mgogoro wa Ardhi ya Kagera, 1972–1979

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Kisiwa cha Saanane, ambacho sasa ni hifadhi ya taifa, kipo mwendo mfupi wa boti kutoka katikati ya Jiji la Mwanza. Machi 29, 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Rais Idi Amin wa Uganda, ililenga ghala la mafuta mjini hapa. Ilikosa shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwani na kuua wanyamapori. Halikuwa shambulio la kwanza. Septemba 1972 ndege za Uganda zilizipiga Bukoba na Mwanza. Kati ya matukio hayo ipo zaidi ya miaka sita ya diplomasia iliyosimamisha mapigano bila kuumaliza ugomvi.

Chanzo kilikuwa mapinduzi ya Januari 25, 1971. Tanzania ilikataa kumtambua Amin na kumpa hifadhi Rais aliyepinduliwa, Milton Obote. Septemba 17, 1972 wapiganaji wapatao 1,000 watiifu kwa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania kuelekea Masaka na Mbarara, wakashindwa. Hapana budi kulieleza hilo waziwazi, kwa kuwa historia ya Vita vya Kagera husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza mwaka 1978.

Kwa usuluhishi wa Rais Siad Barre wa Somalia, Mkataba wa Mogadishu ulitiwa saini Oktoba 5, 1972. Majeshi yalitakiwa kurudi nyuma kilomita 10 kutoka mpakani, na kila upande kuacha kuwasaidia wapinzani wa mwenzake. Mkataba uliyatenganisha majeshi, lakini haukuwapatanisha viongozi. Mwalimu Julius Nyerere aliendelea kukataa kuketi meza moja na Amin, hivyo kikao cha wakuu wa nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hakikufanyika tena, na mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika.

Ardhi iliyogombewa ni eneo la takriban kilomita za mraba 1,800 kaskazini ya Mto Kagera. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliweka mpaka kwenye latitudo ya digrii moja kusini ya Ikweta, si mtoni. Amin alidai kuwa mto ndio mpaka wa asili. Dai hilo lilipingana na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) la Cairo, mwaka 1964, lililozitaka nchi wanachama kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliivamia ardhi hiyo, na Novemba 1 Amin akatangaza kuitwaa. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilibomolewa. Wananchi waliuawa, mifugo na mali zikaporwa.

OAU ilizitaka pande zote mbili kusitisha mapigano. Tanzania ilitaka kwanza uvamizi ulaaniwe, Amin aachane na dai lake la ardhi, na fidia ilipwe. Usuluhishi ulikwama hapo. Msuluhishi anayeepuka kumtaja mvamizi huenda akabaki na marafiki pande zote, lakini aliyechomewa nyumba hana sababu ya kumsikiliza. Kwa upande mwingine, JWTZ ilipovuka mpaka na kuingia Kampala Aprili 11, 1979, Tanzania nayo ilihojiwa kwa kanuni ileile ya mipaka. Katika mkutano wa OAU wa Monrovia, Julai 1979, viongozi wa Sudan na Nigeria waliikosoa.

Baada ya vita Mkoa wa Ziwa Magharibi uliitwa Kagera. Baadhi ya askari waliopoteza maisha wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Mpaka umebaki pale ulipowekwa mwaka 1890. Huko Mutukula, Novemba 2017, Marais John Magufuli na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha huduma mpakani, ambako malori ya nchi zote mbili sasa hukaguliwa mara moja badala ya mbili.