Waya wa dishi: mambo ya kukagua kabla ya kuvusha mzigo

Waya unaounganisha dishi na king'amuzi nyumbani ni wa ohm 75, aina ya RG6. RG59 ni mwembamba na hupoteza mawimbi zaidi, hasa ukiwa mrefu.

Waya huohuo hupeleka LNB umeme wa volti 13 au 18. Kiini cha chuma kilichopakwa shaba hupunguza umeme huo njiani kuliko shaba tupu. Mnunuzi ajaribu ncha kwa sumaku kabla ya kulipa: ikinasa, ndani kuna chuma.

Mpakani, Cheti Rahisi cha Uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Waya uliotengenezwa China hauhusiki.