Kombe la CECAFA la wanawake: lilianza Zanzibar 1986, si Jinja 2016

Juzi nimekaa kafe nasubiri mashine, jamaa wawili wanabishana pembeni yangu. Mmoja kakomaa kwamba bingwa wa kwanza wa Kombe la CECAFA la wanawake ni Twiga Stars, mwaka 2016. Mwenzake akakubali, wakahamia kwenye Simba na Yanga. Mie roho ikaniuma. Twiga naipenda sana, ila bingwa wa kwanza ni Zanzibar, tena miaka 30 kabla. Basi naiweka hapa historia yote, siku nyingine ukibishana uwe na pa kushika.

Kwa asiyejua, CECAFA ni baraza la vyama vya soka vya Afrika Mashariki na Kati, lenye wanachama 12: Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Eritrea, Somalia, Djibouti, Sudan na Sudan Kusini. Wanaume wa ukanda huu wanagombea kombe tangu 1926, enzi za Gossage Cup ya Kenya na Uganda. Wanawake walisubiri mpaka 1986. Zanzibar wakaandaa, na Zanzibar haohao wakabeba kombe.

Hebu angalia huo mwaka vizuri. Kombe la Dunia la kwanza la FIFA kwa wanawake lilichezwa China 1991, na mashindano ya wanawake ya Afrika nayo yalianza 1991. Yaani dada zetu wa visiwani walishacheza, wakashangilia, wakarudi nyumbani miaka mitano kabla ya hao wote.

Halafu kimya. Sio mwaka mmoja wala miwili, ni miaka 30. Binti aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1986 alikuwa na 48 kombe liliporudi, pengine keshakuwa bibi. Muda wote huo Chalenji ya wanaume ilikuwa inachezwa, na klabu za wanaume zina Kagame yao. Na usiniambie wachezaji wa kike hawakuwepo. Uganda walifika fainali za Afrika mwaka 2000. Ethiopia walikwenda 2002, na 2004 wakamaliza nafasi ya nne. Twiga Stars walikwenda Afrika Kusini 2010. Zanzibar kulikuwa na timu ya Women Fighters, mpaka ikatengenezewa filamu, Zanzibar Soccer Queens ya mwaka 2007. Watu walikuwepo, kombe ndo halikuwepo.

Hata mie nimeliona hili kwa macho. Nikiwa sekondari wasichana wa darasa letu waliomba mpira, wakajibiwa netiboli ipo, wakacheze hiyo. Wakawa wanasubiri sisi wavulana tumalize, jua linazama, ndo wanaingia uwanjani na mpira wetu uliochoka. Kipa wao alinidakia penalti tatu mfululizo, sitaki kuizungumzia zaidi.

Haya, Septemba 2016 kombe likafufuka Uganda, kule Jinja, timu saba. Twiga Stars wakawatoa wenyeji Uganda nusu fainali, kisha wakaifunga Kenya 2-1 kwenye fainali. Ethiopia wakawa wa tatu. Na Zanzibar, bingwa mtetezi wa miaka 30? Kenya peke yake iliwapiga 11-0. Nilivyosikia nilijua kuna watu watacheka, ila mie sikucheka. Ukiacha kitu miaka 30 usitegemee ukikute palepale.

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho wengi wa Bara hatukifikirii. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. CAF iliwapokea Machi 2017, Julai mwaka huohuo ikawatoa. Kwa hiyo timu ya wanawake ya Zanzibar haipo kwenye kufuzu Kombe la Dunia wala fainali za Afrika. Binti wa Unguja au Pemba anaweza kuitwa Twiga Stars, sawa, lakini akitaka kucheza kimashindano na jezi ya visiwa vyake, mlango wake mkubwa ni CECAFA. Kombe lisipochezwa, huo mlango umefungwa.

Julai 2018 ikawa zamu ya Kigali, timu tano, ligi tu bila fainali. Twiga walianza vibaya, Rwanda wakawafunga 1-0. Lakini siku ya mwisho wakaichapa Ethiopia 4-1 na kombe likarudi Dar.

Novemba 2019 tukaandaa wenyewe, uwanja wa Azam Complex, Chamazi, timu nane. Hii kwa maoni yangu ndo bora kuliko zote, hata kama tuliumia. Harambee Starlets wa Kenya walifunga mabao 24 bila nyavu zao kutikiswa hata mara moja. Djibouti walikula 12 kwao, na 13 kwa Uganda. Fainali tukafungwa 2-0, yote ya Jentrix Shikangwa. Sudan Kusini nao ndo walianzia hapo: wakapigwa 9-0 na Tanzania, halafu wakainuka wakaifunga Zanzibar 5-0.

Baadaye korona. Juni 2022 mashindano yakarudi Njeru, Uganda, Kenya hawakuwepo maana FIFA ilikuwa imewafungia. Uganda wakaifunga Burundi 3-1, kombe lao la kwanza. Wote wawili walikwenda fainali za Afrika Morocco mwaka huohuo, na kwa Burundi ilikuwa mara ya kwanza.

Kisha mapengo tena, mpaka Juni 2025 pale pale Chamazi: Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Twiga Stars wakabeba kombe la tatu baada ya kuifunga Kenya 1-0 mechi ya mwisho, na mwezi uliofuata wakaenda fainali za Afrika kule Morocco.

Umeona nani hayupo kwenye hizo tano? Zanzibar.

Kama mama au shangazi yako alikuwepo uwanjani mwaka 1986, mkalishe hapo kwenye maoni atuhadithie. Wewe utachapa, yeye aongee.