Ruwenzori na Mashapo ya Ziwa Albert

Neno mashapo hatukulipata kwa wanajiolojia. Ni neno la nyumbani: uchafu mzito unaotuama chini ya mtungi. Wanajiolojia wamelichukua bila kulipotosha, kwani kwao mashapo ni mchanga na matope yaliyotuama majini, tabaka juu ya tabaka. Chini ya Ziwa Albert tabaka hizo zina unene wa kilomita kadhaa, na haziwezi kuelezwa pasipo milima iliyo jirani.

Ruwenzori si volkeno kama Nyiragongo. Ni pande la mwamba wa kale mno lililosukumwa juu kati ya nyufa za Bonde la Ufa, hata kilele cha Margherita kikafikia mita 5,109. Kwa hesabu ya umri wa dunia, kuinuka huko ni kwa jana tu: kulishika kasi katika miaka milioni mbili au tatu iliyopita. Wataalamu kadhaa wanaona kwamba hapo awali palikuwa na ziwa moja refu; mlima ulilikata, yakabaki Ziwa Edward kusini na Ziwa Albert kaskazini, na mto Semliki ukalazimika kuuzunguka mlima upande wa magharibi ili kuyaunganisha.

Katika maziwa hayo ya kale mwani ulikufa ukafukiwa katika matope yasiyo na hewa. Mchanga uliomegwa milimani na mvua na barafu ukayalemea matope hayo, yakadidimia hadi penye joto la kutosha kuyatoa mafuta, nao mchanga huohuo ukawa ghala la kuyahifadhi. Asili hiyo ya ziwani bado inaonekana: mafuta ya Albert yana nta nyingi, yakipoa huganda, ndiyo sababu bomba la kuyapeleka Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa liwe la kupashwa moto.

E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, alichapisha maelezo juu ya mafuta ya nchi hiyo mwaka 1925. Kisima kilichimbwa karibu na Butiaba mwaka 1938, kisha vita vikaikatiza kazi. Ikabidi kungoja hadi 2006 ndipo mafuta ya kutosha biashara yapatikane, nayo upande wa Uganda.

Hapo jiolojia ikagusa siasa. Mapatano ya Wabelgiji na Waingereza ya mwaka 1910 yaliupitisha mpaka kileleni Margherita, kisha sehemu yake katika Semliki na katikati ya ziwa. Lakini Semliki, mto uliosheheni mashapo, haukai katika mkondo mmoja. Hula ukingo huu na kuujaza ule. Mwezi wa Septemba 2007, huko Ngurdoto karibu na Arusha, Marais Kabila na Museveni walikubaliana mpaka uwekewe alama upya, na mafuta yatakayokutwa pande zote mbili yachimbwe kwa ushirikiano.