Jezi Iliyoandikwa Rage

Agosti 2012 beki Mbuyu Twite alitua Dar es Salaam akitokea Kigali, na waliojazana uwanja wa ndege kumpokea walikuwa watu wa Yanga. Muda mfupi kabla ya hapo mwenyekiti wa Simba, Ismail Aden Rage, alifunga safari mwenyewe hadi Rwanda kumsainisha. Yanga wakapita mlango wa nyuma. Jezi aliyopewa Twite ilikuwa ya kwao, lakini mgongoni imeandikwa RAGE. Nusu ya mji ilicheka wiki nzima, nusu nyingine ikanuna.

Mimi naichukulia jezi ile kama hati ya kihistoria. Ukitaka kujua bei ya mchezaji inapangwaje mjini kwetu, anzia pale. Tangu 1936, pale waliokuja kuitwa Simba walipojitenga na Yanga, swali la kwanza la usajili limekuwa: jirani anamtaka? Kama anamtaka, dau linapanda, hata kama nafasi yake kikosini tayari ina watu watatu. Unalipia mchezaji, halafu unalipia na hasira za jirani.

Twite mwenyewe, tusimwonee, alikuwa mchezaji kweli. Alikaa Jangwani miaka kadhaa na akabeba ubingwa. Bahati ya namna hiyo haiji kila mara. Mwaka 2014 Marcio Maximo, aliyewahi kuinoa Taifa Stars, alirudi nchini kuifundisha Yanga, na Wabrazil wenzake wawili wakasajiliwa: Andrey Coutinho na Genilson Santana, yule tuliyemwita Jaja. Septemba, kwenye Ngao ya Jamii, Yanga wakaichapa Azam 3-0, Jaja akitupia mawili. Kijiweni kwetu watu walishaanza kugawana ubingwa. Ligi ilipoanza magoli yakakauka, na kabla mwaka haujaisha Jaja alikuwa kwao Brazil. Desemba Maximo naye akaondoka. Mechi moja tamu ilitosha kutufumba macho wote, waandishi tukiwemo.

Sasa mtazame Mbwana Samatta. Kijana wa Mbagala, akapita Mbagala Market, timu iliyogeuka African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, ikafungwa 3-1 Lubumbashi na 3-2 hapa Dar. Mazembe hawakuhitaji kusimuliwa na mtu. Walimwona akiwasumbua mabeki wao wenyewe. Mwaka huo huo wakamchukua. Mwaka 2015 alikuwa nao walipotwaa ubingwa wa Afrika, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza ndani ya bara, kisha akaenda Genk ya Ubelgiji. Wakati sisi tunafukuzana na ndege za wageni, Mbagala ni safari ya daladala tu kutoka Msimbazi.

Nayasema haya nikiwa na deni langu. Nilipokuwa chuo nilishika daftari la michango la timu yetu ya ndondo, Temeke. Bodaboda, mama ntilie, fundi cherehani, kila mtu alitoa alichonacho. Siku tatu kabla ya nusu fainali likaja neno kwamba wapinzani wanaleta mamluki, mchezaji wa Ligi Kuu. Tukachanganyikiwa. Dalali mmoja akasema na sisi anaweza kutupatia wetu, ila hela yote mkononi, kabla ya mechi. Nikatoa.

Jamaa alikuja mapumziko. Akaingia kipindi cha pili, akacheza kama anayekwepa madimbwi, maana akiumia klabu yake itajua. Tulifungwa moja. Beki wetu wa kushoto, kijana wa mtaani aliyecheza mashindano yote kwa maji ya kunywa na nauli, aligeuza goti dakika za mwisho. Mfukoni hatukuwa na hata hela ya kumpeleka hospitali. Mama yake aliuza kuku.

Na wale wapinzani? Hawakuleta mtu yeyote. Uvumi ule, nilikuja kuambiwa, ulianzia kwa dalali yule yule.

Daftari bado ninalo. Ukurasa wa mwisho una jina la mamluki na kiasi alichochukua. Jina la beki halimo, kwa sababu hakulipwa kitu. Goti lake halikurudi sawa. Siku hizi anaendesha bajaji, na tukikutana ananitania, "Mweka hazina, vipi, umesajili nani?"

Msimu uliofuata dalali alirudi na mshambuliaji mwingine, wa hatari sana kwa maelezo yake. Tukamwambia amlete mazoezini Jumanne na Alhamisi, acheze na vijana wetu kwenye vumbi letu, halafu tutaongea: nusu kabla, nusu baada ya mechi. Akasema atatupigia.