Jini wa Kawangware 46

Nikiwa mtoto, ukishuka matatu ya 46 pale Kawangware, hukuwa unatembea mbali kabla ya kukuta kibanda cha vidio. Mabati, benchi za mbao, televisheni moja yenye mgongo mnene. Kiingilio kilikuwa ashu. Hapo ndipo nilionea The 36th Chamber of Shaolin, muvi ya Shaw Brothers ya mwaka 1978.

Kuna pambano moja ambalo halikunitoka kichwani. Stering, San Te, anarusha rungu lake la vipande vitatu kuelekea ukingo wa skrini, na pale hakuna mtu. Panga linachomoza, linapotea. Msee aliyekuwa na maikrofoni, akitutangazia kwa ule mtindo ambao DJ Afro ameujengea jina, akapaza sauti: "Hapo sasa anapigana na jini!" Tukaamini sote.

Miaka baadaye nikiwa chuo, kabla karo haijanishinda, nilimtaja yule jini darasani. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mhadhiri akasema watu wa mtaa hutazama ngumi, sinema hawaijui. Sikufungua mdomo tena muhula huo.

Nilipokuja kuiona muvi nzima kwenye simu, nikamkuta "jini" wangu. Ni mtawa mkubwa wa hekalu, ameshika mapanga mafupi mawili. Na wala si adui. Anampima San Te: akishinda, atapewa chumba kimoja cha mafunzo akisimamie. Nilichodhani ni vita kilikuwa mtihani.

Alikuwa ameenda wapi siku zote hizo? Muvi ile ilipigwa kwa Shawscope, picha ambayo upana wake ni mara 2.35 ya kimo. Televisheni ya zamani ilikuwa na upana wa mara 1.33 tu. Ili picha ijaze skrini, watengenezaji wa kanda za VHS walizoea kukata pembeni, na kwa muvi pana hivyo inapotea zaidi ya asilimia 40 ya picha. Kisha kanda inanakiliwa kwenye kanda nyingine, inafifia, inahamishiwa kwenye VCD, inafika kwetu. Mtawa alibaki njiani.

Lile neno la mhadhiri lina babu yake. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliendesha mradi wa filamu kutoka Vugiri, milima ya Usambara, ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki na Kati, wakionyesha usiku. Walitumia mkanda mwembamba wa milimita 16, na maelezo, ya Kiswahili na lugha nyingine, yalikuwa kwenye santuri kando. Mfumo kama huo una shida yake: mkanda ukikatika na kuungwa, fremu chache zikipotea, picha na sauti haziendi tena pamoja.

Mwaka 1939 ikaundwa Colonial Film Unit, chini ya William Sellers. Yeye alifundisha kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, bila ujanja wa kamera, kwa kuwa mtazamaji wa huku asingeelewa. Nikisoma hayo najiuliza: mtu akikaa gizani mbele ya picha hafifu na sauti iliyochelewa, halafu akakosa kuelewa, utampima nani kwanza, yeye au mkanda?

Yule msee wa maikrofoni hakuwa mjinga. Aliona panga lisilo na mkono, watoto arobaini wanamsubiri, akatoa maelezo yaliyolingana na picha aliyokuwa nayo. Hata wasomi hufanya hivyo hivyo.

Majuzi nilimwonyesha rafiki yangu wa enzi za benchi ile sehemu, mtawa akiwa ndani. Akatazama hadi mwisho, akanirudishia simu. "Jini alikuwa mtamu zaidi," akasema.

Labda. Lakini ningerudishwa lile darasa leo, ningenyoosha mkono na kuuliza swali moja tu: mwalimu, wewe uliona nakala gani?