Kabla ya kumleta kilebu nyumbani

MKAZI wa Kitale anayetaka kufuga mbwa aghalabu hukimbilia kununua mnyororo. Kumbe mnyororo ndicho kitu ambacho kilebu, yaani mtoto wa mbwa, hakihitaji kabisa. Anapofikisha wiki nane, umri ufaao wa kumtenga na mamake, fedha za kwanza zapasa kuwa zimetengewa chanjo.

Hatari haimkabili mbwa peke yake. Inakadiriwa kwamba kichaa cha mbwa huua takriban watu 2,000 kila mwaka nchini Kenya, na kote ulimwenguni wanne kati ya kila waathiriwa kumi ni watoto wasiozidi umri wa miaka 15. Dalili zikishajitokeza, ni nadra mno mtu kupona. Mnamo 2014 serikali ilizindua mpango wa kukomesha vifo hivyo kufikia 2030. Chanjo yenyewe hutolewa kilebu akitimiza miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka.

Kabla ya hapo kuna paavo, maradhi ya kutapika na kuhara damu ambayo huweza kumuua kilebu kwa siku chache tu. Kinga yake huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Virusi vya paavo hukaa udongoni kwa miezi mingi. Ikiwa mbwa mwingine alikufa hivyo bomani, choma matandiko yake, osha sakafu kwa Jik, na ikiwezekana jenga kibanda kipya mahali pengine.

Chanjo huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kwa hivyo si bidhaa ya kununuliwa mjini na kusafirishwa mfukoni hadi Endebess au Kiminini. Ni heri kumpeleka mnyama kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na kuitunza kadi atakayoijaza.

Kitale iko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Kibanda kiwe na paa la mabati lisilovuja na sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini. Gunia kavu na maranda ya mbao yatatosha kuwa kitanda. Bakuli mbili nzito, moja ya maji na nyingine ya chakula, ni bora kuliko za plastiki ambazo kilebu hupindua na kutafuna.

Kuhusu chakula, ugali laini uliochanganywa na omena au nyama hufaa, mara nne kwa siku. Maziwa mengi ya ng'ombe huweza kumharisha. Hapa kwetu penye mahindi tele, wapo wanaoyatenga yaliyoota ukungu ili wapewe mbwa. Ukungu huo huweza kuwa na aflatoksini, sumu iliyowaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004, na kupika hakuiondoi. Mbwa huharibika ini vivyo hivyo.

Nunua pia dawa ya minyoo, kwani baadhi ya minyoo ya vilebu huambukiza watoto wanaocheza nao. Ama dawa ya kupe, iwe ile iliyotengenezewa mbwa wadogo. Ya kuogeshea ng'ombe, ambayo haikosi katika boma la mfugaji wa maziwa, huweza kumdhuru. Ukanda laini wa shingoni, unaopitisha vidole viwili, waweza kusubiri.

Hatimaye, pasikosekane sabuni karibu na bomba. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, hata na kilebu wa nyumbani, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitalini siku iyo hiyo.