Bodi la Lori Kuukuu na Asili Yake

Elerai, kata mojawapo ya jiji la Arusha, ina jina la mti. Katika Kimaasai olerai ni mgunga wenye gome la manjano, upendao ardhi ya maji. Mti huo ulitoa jina, lakini mafundi wa malori hawakuutegemea sana, maana mbao zake hupasuka zisipokaushwa kwa subira. Walitafuta mninga au mvule, miti inayostahimili mvua na mchwa. Jambo hili dogo la mbao ni mlango mzuri wa kuingilia swali linalowatatiza wote watakao kufufua malori ya zamani: bodi hili, yaani ile sehemu ya nyuma ibebayo mzigo, ni la asili au si la asili?

Mwenye haraka hufungua kitabu cha kiwanda, akatazama picha, akalinganisha. Kama bodi halifanani na picha, hulihukumu kuwa ni la bandia na kuamuru livunjwe. Hukumu hiyo ina kasoro kubwa. Huko Marekani kwenyewe, lori la Ford la namna ya TT, lililotoka mwaka wa 1917, liliuzwa kwanza kama fremu yenye injini na magurudumu, na mnunuzi akajitafutia seremala. Ni mwaka wa 1925 tu kampuni hiyo ilipoanza kuuza motokaa ndogo yenye bodi la mzigo lililoundwa kiwandani. Malori ya Uingereza, kama Bedford yaliyoanza mwaka wa 1931, nayo yaliuzwa kwa wingi bila bodi. Kwa nchi za mbali sababu ilizidi kuwa na nguvu: meli hutoza kwa nafasi, na bodi tupu ni sanduku la hewa. Kwa hiyo malori mengi yaliyoshuka Mombasa, Tanga au Dar es Salaam yalishuka nusu, na nusu ya pili ikazaliwa hapa hapa.

Aliyeizaa ni nani? Historia ya Meru inatoa jibu la kiasi. Makaburu waliofika kutoka Afrika Kusini karibu na mwaka wa 1905 walikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe, na gari la namna hiyo halidumu bila mtu ajuaye kuchonga mhimili na kupinda chuma. Upande mwingine walikuwako Wahindi wa madhehebu ya Sikh, ambao Waswahili huwaita Makalasinga, maseremala na wahunzi mashuhuri tangu siku za kujengwa reli ya Uganda. Kando yao walifanya kazi vijana wa Kiafrika, kwanza kwa kupuliza mivukuto na kushika ubao, kisha kwa kupima na kukata wenyewe. Majina yao ni adimu katika maandiko; kazi yao imo katika mbao.

Haifai kusahau kwamba kabla ya bodi lilikuwako bega. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi na Arusha, na tarehe 3 Aprili Jenerali van Deventer akatoka Arusha kwenda Kondoa. Mvua za masika zikawafuata. Malori yakazama katika udongo mweusi, farasi na ng'ombe wakafa kwa maradhi ya mbung'o, na mzigo ukarudi juu ya vichwa vya wapagazi, watu walioandikishwa kwa maelfu na kufa kwa maelfu. Reli ilipofika Arusha mwaka wa 1929, lori halikufa; lilipata kazi ya kuleta kahawa na mahindi kutoka mashambani hadi stesheni.

Sasa, alama za kutambulia. Kibati cha namba hutaja fremu na injini, wala hakisemi neno juu ya bodi. Mchunguzi hana budi kuingia chini ya gari. Huko atazame mihimili iliyolala juu ya fremu, na vyuma vilivyoishika: je, vimefuliwa kwa nyundo, au vimekatwa kwa mashine? Atazame hesi za boliti. Hesi ya Whitworth, iliyobuniwa mwaka wa 1841, ni dalili ya kazi ya Kiingereza ya zamani. Mwezi wa Novemba 1948 Uingereza, Kanada na Marekani zilikubaliana juu ya hesi moja, na zile za milimita zilienea hapa baadaye, malori ya Japani yalipozidi. Lakini fundi maskini hatupi boliti, na boliti ya mwaka wa 1930 yaweza kukutwa katika ubao wa mwaka wa 1970. Ushahidi mmoja hautoshi.

Tena kuna matundu. Matundu yenye nafasi sawa katika mbao za pembeni huonyesha kwamba palikuwa na mabenchi, na lori lilichukua watu pamoja na magunia. Pete za chuma za kushikia matao ya turubali huweza kuwa urithi wa jeshi, kwa kuwa magari mengi ya vita yaliuzwa baada ya mwaka wa 1945, na mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka wa 1947 na kuachwa mwaka wa 1951, ulitumia sana vyombo vilivyobaki vitani. Chini ya rangi ya mwenye lori huenda pakatokea rangi ya kijivu au kijani. Mwaka wa 1978, vita vya Kagera vilipozuka, malori ya raia yalichukuliwa kupeleka askari na mizigo. Na katika uhaba wa vipuri uliofuata, lori moja liliishi kwa viungo vya mengine matatu.

Bodi la namna hii likivunjwa ili lifanane na picha ya Luton, hupotea hati pekee ya watu wasioandikwa. Ni kweli kwamba ubao uliooza haubebi mzigo, na mwenye mali ana haki ya kuona gari lake likitembea. Basi huondolewa kilichooza tu, kikaungwa ubao wa mti ule ule. Mhimili mzima huachwa, na matundu ya mabenchi hayazibwi. Rangi mpya hupakwa kote, isipokuwa sehemu moja ya upana wa kiganja kwenye ubao wa mbele, ambapo matabaka ya zamani huachwa wazi, buluu juu ya kijani, na kijani juu ya kijivu.